Choa kwa ginipigi: maswali mnayouliza kila wakati kuhusu kumtibu nyumbani hapa Nairobi

Maswali haya hurudi kila shule zikifunga, manake ndio wakati watoto wananunuliwa ginipigi, anakaa wiki mbili hivi vizuri halafu pua inaanza kunyonyoka. Mimi ni mfugaji tu, sio daktari, na nafuga kwa fleti kama wengi wenu, kizimba kikiwa karibu na kabati la vyombo. Penye lazima uone vet nimesema waziwazi. Unaweza kuruka moja kwa moja hadi swali lako, lakini hata kama uko na haraka pitia lile la namna ya kupaka na lile la Jik, watu wengi huharibia hapo.

## Kwanza ujue kama ni choa

Choa ni nini hasa, ni mnyoo?

Hakuna mnyoo hapo. Ni fangasi, na ile inayoshika ginipigi mara nyingi inaitwa Trichophyton mentagrophytes, mara moja moja anapata Microsporum canis ile ya paka. Inakula keratini, yaani kile kitu ambacho nywele, kucha na ngozi ya juu vimetengenezwa nacho, ndio maana nywele zinakatika na ngozi inatoa magamba. Ni jamii moja na yale mashilingi ya kichwani tuliyokuwa tunapata primari. Kwa hivyo dawa ya minyoo, hata uchukue ile kali ya mbwa, haitafanya kitu.

Inaanzia wapi na inakaa aje?

Sanasana inaanzia usoni: juu ya pua, kuzunguka macho, kwa masikio, halafu ikiachwa inashuka mgongoni na miguuni. Utaona mahali pamenyonyoka, duara au karibu duara, na magamba makavu meupe ama ya manjano, ukingoni pekundu kidogo. Mimi huwa siangalii duara sana manake mara nyingi halijitokezi vizuri. Naangalia nywele za ukingoni: ukizishika polepole zinatoka kishungi kizima, na chini kwenye mizizi kigaga kimezishikilia pamoja, na ngozi inayobaki ni ya waridi, inang'aa. Ukiona hivyo, choa iko juu kwa orodha.

Kujikuna kunakuwepo lakini sio kwa fujo. Wengine hawajikuni kabisa, na wengine, hasa wakubwa wenye afya, wanabeba fangasi bila alama yoyote.

Wangu ana vipara viwili nyuma ya masikio, pande zote mbili, bila magamba. Nianze krimu?

Hapana, wacha hiyo ngozi ipumue. Ginipigi wote wanazaliwa na kipara kidogo nyuma ya kila sikio. Ikiwa ni laini, haina magamba na pande zote zinafanana, hiyo ni maumbile.

Nitajuaje kama ni utitiri na sio choa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote na hata mwenye uzoefu hukosea. Utitiri wa ginipigi (Trixacarus caviae) unawasha vibaya sana, mnyama anajikuna mpaka anatoka damu, ukimgusa mgongoni anapiga kelele, na ikizidi anaweza hata kushikwa na kifafa. Unapenda mabega, mgongo na ndani ya mapaja, tofauti na choa inayopenda uso kwanza. Chawa nao unaweza kuwaona kwa macho, vijidudu vya rangi ya krimu vinatembea kwa nywele ukizifungua kwenye mwanga mzuri wa dirishani.

Kuna pia wanaotafunana nywele. Hapo utakuta nywele zimekatwa fupi kama na makasi, ngozi yenyewe safi kabisa, hakuna gamba. Na jike mzee akipoteza nywele pande zote mbili za mbavu kwa usawa, fikiria uvimbe kwenye ovari, hiyo ni ya vet moja kwa moja.

Sasa shida ni kwamba utitiri na choa vinaweza kuja pamoja, hasa kwa mnyama aliyetoka mahali wamejazana. Kama anajikuna kwa fujo usikae na krimu ya fangasi wiki tatu ukingoja miujiza, mpeleke akwanguliwe ngozi iangaliwe kwa darubini.

Nikimulika na ile taa ya zambarau ya kukagua noti feki, si itawaka kijani?

Haitakusaidia. Inayowaka chini ya taa hiyo ni Microsporum canis, na hata hiyo sio kila mara. Trichophyton, ambayo ndio kawaida kwa ginipigi, haiwaki kabisa. Kwa hivyo ukimulika ukakosa kijani haimaanishi hana choa, na ukiona kitu kinawaka inaweza kuwa ni mkojo au mabaki ya sabuni tu.

Lazima nione vet, ama naweza kuanza nyumbani?

Duara moja au mbili ndogo kwa mnyama mkubwa ambaye anakula, anakunya vizuri, anapiga kelele za kuitisha mboga akisikia mlango wa friji, unaweza kuanza nyumbani na krimu. Nenda kwa daktari kama: ni mtoto au ana mimba, madoa yamefika matatu manne na yanaongezeka, iko kwenye ukingo wa jicho, kuna usaha au harufu, anajikuna mpaka damu, au amepunguza kula.

Hapa Nairobi tafuta vet aliyezoea wanyama wadogo, manake wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, na vet yeyote anafaa awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, Kenya Veterinary Board, usione haya kuuliza. Muulize kabla hujasafiri na mnyama kwa matatu kama huwa anatibu ginipigi. Vipimo vyenyewe ni nywele kung'olewa chache ziangaliwe kwa darubini, au zioteshwe maabara, na hiyo ya kuotesha inaweza kuchukua hadi wiki tatu, kwa hivyo madaktari wengi wanaanza dawa wakingoja.

## Dawa

Ninunue krimu gani kwa kemisti?

Klotrimazoli asilimia 1 ya ngozi, ama mikonazoli asilimia 2. Ni zile zile za binadamu, zinapatikana karibu kila kemisti na ni za bei ya chini. Terbinafini ya kupaka pia inafanya kazi.

Angalia kitu kimoja kabla hujalipa: iwe ni dawa ya fangasi peke yake. Kuna krimu nyingi za mchanganyiko ambazo ndani zina steroidi, betamethasone au beclomethasone, na mara nyingi utaona herufi B imewekwa baada ya jina. Hizo zinatuliza wekundu kwa siku mbili tatu unafurahi, kumbe chini fangasi inasambaa manake steroidi imezima kinga ya ngozi. Mwambie huyo wa kemisti wazi kabisa hutaki ya mchanganyiko, hata akikuambia ndio watu wote wananunua.

Usichukue marhamu ya Whitfield pia. Ina asidi ya salisiliki, inaunguza ngozi nyembamba ya mnyama mdogo hivyo na akijilamba inaingia tumboni. Poda nazo sizipendi, anavuta vumbi lote na mapafu ya ginipigi ni mepesi kuugua.

Napaka aje? Wangu ni mkali na anakimbia.

Kaa chini sakafuni, sio kwa kochi, manake akiruka kutoka juu anavunjika mguu au meno. Vaa glavu. Mfunge na taulo ambayo umeitenga kwa kazi hii tu, kichwa kikiwa nje na kidole chako kimoja kikiwa chini ya kidevu ili asirudi nyuma.

Vigaga vilowe kwanza, usivibandue na kucha. Chukua maji ya vuguvugu utie ayodini ya povidoni kidogo mpaka yafanane na chai ya rangi isiyokolea, lowesha pamba, ishikilie juu ya doa dakika moja mbili, kile kilicho tayari kutoka kitatoka chenyewe na nywele zake. Hizo nywele usizipeperushe, zikunje ndani ya tishu uzitupe, ndizo zimejaa fangasi. Kausha doa. Halafu krimu kidogo sana, ya punje ya mchele inatosha doa la ukubwa wa kidole gumba, anzia nje kama sentimita moja kwenye ngozi inayoonekana nzima, uje ukielekea katikati, sugua mpaka usione weupe. Ukiacha krimu imekaa juu nene ataila yote.

Ukimaliza usimrudishe mara moja. Mpe kipande cha hoho nyekundu umshike hapo dakika kumi hadi kumi na tano, akitafuna hakumbuki kujilamba. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Kama ni zaidi ya mmoja badilisha glavu kwa kila mmoja, na yule mwenye madoa mengi awe wa mwisho.

Ile kola ya shingoni ya mbwa usimfunge. Ginipigi anahitaji kufikia nyuma ale kile kinyesi laini chake, ndio namna anapata vitamini zingine, na kola inampa stresi mpaka anagoma kula.

Ninyoe hilo eneo ili dawa iingie?

Usinyoe. Wembe au mashine inaacha mikwaruzo midogo ambayo fangasi inaipenda, na nywele zinapepea nyumba nzima. Kama ni wa nywele ndefu punguza na makasi butu kuzunguka doa, juu ya gazeti, basi.

Mpaka lini? Nywele zimeanza kurudi, niache?

Hapo ndio watu wanaachia na ndio inarudi. Endelea wiki mbili zaidi baada ya doa kupona kabisa, hiyo kwa wengi inafika wiki nne hadi sita zote pamoja. Wiki ya kwanza inaweza kuonekana mbaya zaidi manake nywele zilizokufa zinadondoka na kipara kinapanuka, usishtuke. Dalili za kupona ni magamba kupungua, ukingo mwekundu kufifia, na nywele fupi laini kuota katikati.

Piga picha kila Jumapili, weka sarafu ya shilingi ishirini kando ya doa. Ukitegemea macho tu utajidanganya, kuna siku utaona limepungua na kesho yake uone limeongezeka, na ni lile lile.

Kama madoa ni mengi, nimwoshe na shampuu?

Madoa yakiwa mengi krimu inachosha, hapo shampuu ina maana. Ya ketokonazoli asilimia 2, ama ile ya wanyama yenye mikonazoli na klorheksidini, mara mbili kwa wiki. Maji ya vuguvugu kwa beseni yasizidi tumbo, uso usiguswe na maji, usoni endelea na krimu. Povu likae dakika tano hadi kumi, suuza vizuri.

Baada ya hapo mkaushe kabisa, taulo mbili tatu, halafu chumba chenye joto bila upepo. Ile baridi yetu ya Juni na Julai usimwoshe jioni, osha saa sita kukiwa na jua. Ginipigi akilala amelowa anapata nimonia na nimonia inamuua haraka, choa haimuui. Hapa pia ndio naona vet ni muhimu, manake madoa mengi mara nyingi yanahitaji dawa ya kumeza.

Na mafuta ya taa? Kitunguu saumu? Mwarobaini, aloe, Dettol?

Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, maji ya betri: hapana, hata kama babu yako alitibu ng'ombe hivyo. Yanaunguza ngozi na akijilamba ni sumu. Kitunguu saumu kinaunguza. Dettol ni kali kwa ngozi yake na hafai kuilamba. Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil), yale ya chupa ndogo yanayouzwa kama ya asili, ni sumu kwa wanyama wadogo.

Mafuta ya nazi hayamdhuru na yanalainisha vigaga, lakini hayaponyi. Aloe ule utomvu wa manjano unaharisha. Mwarobaini sijaona ukishinda krimu ya kemisti na hiyo ni rahisi kuliko kwenda kutafuta majani, kwa hivyo kwa nini ujisumbue.

Wa agroveti amenipa sindano na spray ya bluu. Nitumie?

Uliza ni nini hasa. Watu wa agroveti ni wazuri kwa kuku na ng'ombe, lakini ginipigi ni mnyama tofauti kabisa na hapa ndio nimesikia vifo.

Sindano ikiwa ni ya penisilini, kama ile ya penisilini na streptomisini inayochomwa ng'ombe, kataa. Penisilini na ndugu zake kama amoksilini inaua bakteria wazuri wa tumbo la ginipigi, wabaya wanazidi, anaharisha na kufa kwa siku chache. Hata ile amoksilini ya watoto ya kumeza usimpe. Na zote hizo haziui fangasi hata hivyo.

Ikiwa ni ivamektini, hiyo ni ya utitiri, fangasi haiisikii. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na ginipigi wa gramu 800 anahitaji sehemu ndogo tu ya miligramu moja, yaani hata tone zima ni nyingi. Huwezi kupima hiyo na sirinji ya kawaida kwa macho. Spray ya bluu ya vidonda nyingi ni antibiotiki, inapaka nyumba rangi na choa inaendelea.

Vidonge vya mashilingi vya mtoto vimebaki, nivunje kidogo nimpe?

Vile ni griseofulvini, na kweli madaktari wanaitumia kwa ginipigi, wengine wanapendelea itrakonazoli au terbinafini. Lakini dozi ni kwa uzito, na kidonge kimetengenezwa kwa mtoto wa kilo kumi na tano, wako hata kilo moja hajafika. Itrakonazoli kwa mfano inapewa kati ya miligramu 5 na 10 kwa kilo, na kapsuli ya binadamu ina 100. Utakata aje? Daktari anaitengeneza iwe ya maji upime na sirinji. Griseofulvini ni marufuku kwa mwenye mimba, inaharibu watoto tumboni.

Si nasikia inapona yenyewe tu?

Kwa mkubwa mwenye afya, chakula kizuri na kizimba kisafi, mara nyingi inapona yenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi. Lakini muda wote huo anamwaga mbegu za fangasi kwa zulia, kwa watoto wako na kwa wenzake. Kwa hivyo mimi hutibu.

## Kizimba na nyumba

Nimtenge na wenzake?

Kama wamekuwa wakikaa pamoja, wameshaambukizana hata kama doa liko kwa mmoja. Waache pamoja, utibu wote, wasio na madoa waoshe na shampuu au angalau wakaguliwe kila siku. Ginipigi akitengwa peke yake anakosa raha, na stresi ndio inashusha kinga. Unayefaa kumtenga ni mgeni (angalia swali la kununua mwingine, mwisho kabisa). Na msiwachanganye na sungura, choa inaruka kwa sungura pia.

Nibadilishe nini kwa kizimba wakati wa matibabu?

Maranda toa yote kila siku mbili, funga kwa mfuko kabla hujabeba, usikung'ute kwa balkoni jirani wa chini anaanika nguo. Wakati wa matibabu ni rahisi zaidi kutumia vipande vya blanketi la flisi, zile za mtumba za Gikomba zinafaa sana, unakuwa na nne tano za kubadilisha. Zioshe kando na nguo za watu, maji ya moto kiasi, zianikwe kwenye jua kali. Vibanda vya katoni choma au tupa.

Sakafu usifagie ikiwa kavu, vumbi linapeleka mbegu kila mahali. Pangusa na kitambaa kilichololoweshwa. Hizi mbegu zinaweza kukaa hai zaidi ya mwaka mmoja kwa nywele zilizodondoka, ndio maana krimu bila usafi ni kazi ya bure.

Jik naichanganya aje na ni salama?

Kipimo ni kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe tisa vya maji. Utaratibu ni huu: watoe wanyama kabisa kwenye chumba, fungua dirisha, ondoa uchafu, osha kizimba na sabuni na maji mengi, suuza. Ndio sasa uweke Jik, ikae imelowa dakika kumi, usuuze tena mpaka harufu iishe, uanike kikauke ndipo warudi. Ukimwaga Jik juu ya uchafu haifanyi kazi, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa fangasi.

Kuna hatari mbili ambazo watu hawaambiwi. Mkojo una amonia, na Jik ikikutana na amonia inatoa gesi inayochoma kifua, kwa hivyo lile pembe la kukojolea lisuuzwe vizuri kwanza. Ya pili ni ile michirizi meupe migumu ya mkojo ambayo watu wanatoa na siki. Siki na Jik zikikutana ni klorini, gesi ya sumu. Siki leo, suuza, Jik kesho.

Maji kwetu ni ya mgao, mara mbili kwa wiki. Nitafanyaje hayo yote?

Panga siku ya Jik iwe siku ya maji. Siku zingine toa tu kinyesi na flisi chafu, pangusa na kitambaa. Maji uliyosuuzia nguo yanaweza kufanya ule uoshaji wa kwanza wa sabuni, maji safi ubakishe ya suuzo la mwisho. Jik iliyochanganywa haikai na nguvu, tengeneza ya siku hiyo tu.

Kizimba changu ni cha mbao, fundi alinitengenezea.

Mbao isiyopakwa rangi inanyonya mkojo na inaficha mbegu kwenye nyufa. Ikwangue, Jik, jua siku nzima, halafu choa ikipona paka vanishi isiyo na sumu ikauke kabisa. Kama ni mbao ya zamani imeoza pembe, kusema ukweli ni afadhali utafute karai kubwa la plastiki.

## Watu wa nyumbani

Inashika binadamu? Binti yangu ana duara kwa mkono.

Ndio, inashika, na watoto ndio kwanza. Kwa kawaida inatokea kati ya siku nne na kumi na nne baada ya kugusana, mahali ambapo mnyama alikuwa amebebwa: ndani ya mkono, shingoni, kifuani. Ngozini krimu hiyo hiyo ya klotrimazoli inatosha kwa wengi, lakini tyubu ya mtu iwe yake na ya mnyama iwe yake. Ikiwa kichwani kwa nywele krimu haifiki, lazima vidonge, mpeleke mtoto hospitali na umwambie daktari kuna ginipigi nyumbani.

Wakati wa matibabu watoto wasimbebe. Wanaweza kumpa mboga kupitia waya, halafu mikono na sabuni.

Nani asiguse kabisa?

Mtu anayeishi na HIV na kinga iko chini, aliye kwa dawa za saratani au steroidi za muda mrefu, na mtoto mchanga. Mama mja mzito naye ni heri mwingine apake.

Mume wangu anasema tumpeleke ushago ama tumtupe.

Mwambie ushago kuna watoto wa shangazi, kuku, na sungura, mnapeleka ugonjwa tu. Na kumtupa hakutoi mbegu ambazo tayari ziko kwa zulia, usafi bado mtafanya. Ni ugonjwa wa wiki kadhaa, na tyubu haigharimu sana. Mwonyeshe picha za kila Jumapili, akiona doa linapungua atatulia.

## Kesi ngumu

Ana mimba. Nipake?

Ongea na vet kwanza. Krimu kidogo ya kupaka mara nyingi ndio njia watachagua, vidonge wataviepuka, na kuosha na shampuu pia, manake kumshikashika jike mwenye mimba kubwa ni hatari. Akizaa, watoto wataipata karibu hakika, na ndio inawashika vibaya kuliko wakubwa. Watoto wadogo wapelekwe kwa daktari.

Iko karibu kabisa na jicho.

Krimu isiingie jichoni. Ikiwa iko sentimita moja au zaidi kutoka kope tumia kijiti cha pamba, kidogo sana. Karibu zaidi ya hapo, au jicho linatoa machozi au limefumba, usijaribu nyumbani.

Inapona, mwezi mmoja inarudi. Nimechoka.

Angalia haya kwa mpangilio huu: ulimaliza zile wiki mbili za ziada? ulitibu wote? brashi ya nywele, mfuko wa kubebea, ile taulo, uliviosha? paka wa jirani anaingia? Kama yote ni sawa, angalia chakula.

Ginipigi hatengenezi vitamini C mwilini, kama sisi tu. Anahitaji karibu miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kila siku, na akiwa mgonjwa upande wa juu wa hapo. Wengi hapa wanalishwa peleti za sungura, na za sungura hazina vitamini C iliyoongezwa. Mpe hoho nyekundu kila siku, sukuma kiasi, dania, kipande cha pera sio kila siku. Msingi uwe nyasi kavu, Boma Rhodes, zikae mbele yake saa zote. Vitamini ya kutia kwa maji ya kunywa inaharibika haraka na inabadilisha ladha, wengine wanaacha kunywa.

Ikirudi mara ya tatu na hayo yote umefanya, omba nywele zioteshwe maabara. Pengine haikuwa choa tangu mwanzo (angalia swali la utitiri).

Tangu nianze dawa hali vizuri.

Acha choa kando. Ginipigi akikaa nusu siku hadi siku nzima bila kula, tumbo linasimama na hiyo ni dharura, vet siku hiyo hiyo. Nunua mizani ya jikoni umpime kila wiki, na wakati wa ugonjwa kila siku mbili. Akipoteza gramu hamsini na zaidi ghafla kuna kitu. Wakati mwingine ni krimu aliyolamba, wakati mwingine ni dawa ya kumeza inayomkera ini, daktari ataamua kama aendelee.

Ninataka kumtafutia mwenzake. Lini, na nimwangalie nini sokoni?

Subiri mpaka wako amalize matibabu na kizimba kimeshapigwa Jik mara ya mwisho. Sokoni usimwangalie mmoja tu, angalia wote kwenye kile kizimba, ukiona pua moja imenyonyoka ondoka hata kama uliyemtaka ni msafi. Fungua nywele za mgongo dhidi ya mwelekeo wake, angalia nyuma ya masikio, tumbo, kati ya vidole. Wale wadogo sana waliojazana kwenye katoni ndio hatari zaidi.

Ukifika nyumbani mgeni akae chumba kingine wiki tatu hadi nne, na vyombo vyake. Mhudumie wa zamani kwanza, mgeni mwisho, ubadilishe aproni katikati. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja weka angalau upande wa pili na mbali na upepo wa dirisha, na usimtoe kucheza sakafu ile ile mpaka hizo wiki ziishe.